Sakafu Inayomwaga Maji

Divine wa kompyuta ndiye aliyenisumbua niandike. Alisema, Mama Konso, usiondoke na vitu vyote kichwani, sisi wa gereji tutabaki na nini? Nikamjibu kwamba kichwani mwangu hamna vitu vingi, mna gundi na vumbi la kioo. Lakini nimestaafu mwezi uliopita, hapa nyumbani Nyamirambo nimeshapanga sufuria kwa ukubwa mara mbili, na mikono inaniwasha. Basi nimekaa mezani. Hamtasoma hapa nani alipandishwa cheo lini wala nani alikuwa anapata kiasi gani, hayo mnayajua na mnayasimulia vizuri kuliko mimi nikiwa sipo. Nitawaandikia jinsi nilivyoingia katika kazi ya vioo vya magari, nani alinifundisha, na jambo moja lililonishtua kiasi kwamba mpaka leo maji yakimwagika sakafuni nageuka kuangalia yanaelekea wapi.

Nilizaliwa Bujumbura, wazazi wangu ni Wanyarwanda. Nilirudi Kigali msichana mkubwa, nina Kiswahili cha mtaa wa Buyenzi, Kifaransa cha masista na sina kazi. Shangazi yangu alikuwa anapikia mafundi wa gereji moja hapa Nyamirambo, nami nikawa nabeba sufuria ya maharage saa sita na kurudi na sahani saa nane. Siku moja nilikuta basi dogo limetolewa kioo cha mbele, mzee mmoja mfupi mwenye kofia ya kufuma amesimama juu ya kreti, amekishika kioo kipya kwa nje, na msaidizi wake hayupo. Akaniangalia mikono. Akaniambia niweke sufuria chini, niingie ndani ya basi, nishike ncha mbili za kamba zilizoning'inia, na nivute polepole mpaka aniambie niache.

Wengi wenu hamjaona vioo vile. Siku hizo parabrizi, yaani kioo cha mbele, ilishikwa na mpira mnene uliozunguka ukingo wake wote. Unapitisha kamba ndani ya mfereji wa mpira, unapaka maji ya sabuni, mtu wa nje anasukuma kioo, mtu wa ndani anavuta kamba, na mdomo wa mpira unaruka juu ya bati kidogo kidogo mpaka kioo kinakaa. Ukivuta haraka kinapasuka, ukivuta kwa woga kinakataa. Mimi nilivuta huku nimefumba macho. Nilipofumbua, kioo kilikuwa kimekaa na yule mzee alikuwa ananitazama kupitia humo. Alisema kesho nije bila sufuria. Shangazi alikasirika wiki nzima.

Huyo ndiye Mzee Rajabu, Mwislamu wa hapa hapa, fundi wa vioo tangu kabla sijazaliwa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinifundisha kukata gundi kavu kwa waya wa gitaa uliofungwa kwenye vipande viwili vya mti, kubeba kioo kwa vikombe vya kunyonya, na kutogusa gundi mbichi kwa kidole hata kama inakutania. Lakini mambo matatu aliyarudia mpaka nikawa nayasikia usingizini, na hayo matatu ndiyo yenye kisa hiki.

La kwanza lilikuwa mpira wa maji. Mnaujua, ule mpira mwembamba wa kuonyesha ndani ambao waashi wanaujaza maji ili wapate usawa wa pembe mbili za nyumba. Mzee aliutumia kwenye mabasi ya zamani yenye kioo cha vipande viwili, ili kipande cha kushoto na cha kulia vikae kimo kimoja. Futi inategemea umeiweka wapi, alisema, na sakafu aliimimina mtu aliyekuwa na njaa, ila maji hayajawahi kumdanganya mtu.

La pili lilikuwa sakafu. Mzee alichukia maji yaliyosimama kuliko alivyochukia wateja wa Ijumaa mchana. Sisi tunaosha ukingo kabla ya gundi, tunaosha kioo baada ya gundi, tunamwagia gari lote maji kutafuta pavujapo, kwa hiyo gereji yetu ilikuwa na maji kila saa. Tulipohamia Kicukiro, alikuja siku ya kumimina zege ingawa magoti yalikuwa yameshamkataa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki na kunituma nisimamie. Tuliinamisha sakafu kutoka ukuta wa nyuma mpaka mlangoni, kidogo tu, jicho halioni, lakini ndoo moja ukiimwaga ukutani inatoka yenyewe barabarani. Nilijivunia sakafu ile. Mgeni akija nilikuwa namwagia kikombe cha maji ili aone yanavyokimbia.

La tatu lilikuwa alama. Kila fundi wake alikuwa na alama, mikwaruzo midogo kwenye ukingo mweusi wa kioo, chini, upande wa abiria. Yangu ni mistari miwili mifupi inayolala. Siku moja alirudi mteja, gari linavuja kwenye miguu. Mimi nilisema si kazi yangu, nadhani lilipita kwa fundi mwingine. Mzee alifungua plastiki ya ukingo, akaweka kidole kwenye ile mistari miwili, akakiacha hapo huku mteja anatazama. Halafu akanikabidhi waya wa gitaa. Nilikitoa kile kioo na kukirudisha peke yangu, mchana kutwa, na hakuna aliyesema nami neno. Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu.

Mzee alifariki kabla ya magari ya umeme kufika kwetu. Mara nyingine nadhani Mungu alimwonea huruma.

Gari la kwanza la umeme nililipokea mimi. Lilikuwa na ufa uliotoka pembeni mpaka katikati, jiwe la barabarani. Nilizunguka nyuma ya kioo cha kujitazamia, pale juu katikati, nikakuta kasha jeusi ukubwa wa ngumi, na ndani yake jicho dogo linanitazama. Nilidhani mwenye gari amejiwekea kamera ya kurekodi ajali. Nikalichomoa, nikabadilisha kioo vizuri sana, nikarudisha kasha, nikapiga alama yangu, nikamwagia maji, hakuna tone lililoingia. Mwenye gari akawasha. Taa za njano zikajaa mbele ya usukani kama kapu la dagaa lililomwagika, na maandishi yakasema msaada wa kuendesha haupatikani. Yule bwana akaniuliza nimefanya nini. Nami sikujua nimefanya nini. Miaka yote ile kazi yangu ilikuwa kuzuia upepo na mvua, na sasa gari linaniambia nimelipofusha.

Hapo ndipo Divine alipoletwa. Alikulia Kampala, alisomea elektroniki, alikuja na kompyuta mbili na bango kubwa lenye miraba myeusi na myeupe. Alinieleza kwa upole, na mimi kila alichosema nilikuwa nashtuka upya. Kwamba gari lile linasoma mistari ya barabara na kuugeuza usukani lenyewe. Kwamba linapima umbali wa gari la mbele, linakanyaga breki dereva akichelewa. Kwamba kamera ile inatazama kupitia kioo changu, kwa hiyo kioo sasa ni miwani, na kioo cha bei poa chenye wimbi dogo katikati kinaifanya ione barabara iliyopinda. Kwamba mbele ya kamera pana waya mwembamba wa joto wa kufukuza ukungu, na kwamba nyuma ya bampa pamefichwa kifaa kingine kinachopima kwa mawimbi, ambacho mafundi wa rangi wanakipaka putii nene bila kujua wamekifunga kitambaa machoni. Nilimuuliza dereva yeye anafanya nini. Alisema anatakiwa kushika usukani na kutazama. Nilicheka. Nawajua madereva wa mji huu.

Tulianza kukusanya makosa ya watu. Mmoja alibandika stika ya bima juu katikati ili isimzuie kuona, akaiweka sawasawa mbele ya kamera. Mwingine alibandika kioo karatasi nyeusi ya jua mpaka juu. Mama mmoja alitundika rozari kubwa pale pale, ikawa inapita mbele ya jicho kila kona, na gari likawa linashtuka kila kona. Tulicheka nao, tukawarekebishia, tukajiona wajanja. Nawaambia hili ili mjue hali yetu ilikuwaje, tulikuwa watu wa kucheka makosa ya wengine.

Sasa sikilizeni vizuri. Kamera ikitolewa na kurudishwa lazima ifundishwe upya inatazama wapi. Unaingiza gari, unaliweka sawa mbele ya ukuta wa nyuma, unasimamisha lile bango hatua chache mbele yake, kwa kimo kamili kilichoandikwa. Kompyuta inaiambia kamera: bango liko kimo hiki, umbali huu. Kamera inalitazama na kujipanga kulingana nalo. Kitabu kilisema sakafu iwe bapa, matairi yajazwe upepo sawa, gari lisiwe na mzigo, na kimo cha bango kipimwe kwa futi kutoka sakafuni.

Mimi niliposikia futi kutoka sakafuni nilicheka puani. Nilimwambia Divine kwamba sakafu aliimimina mtu aliyekuwa na njaa. Nikautoa mpira wa maji wa Mzee Rajabu kwenye msumari wake. Nilipima kimo kutoka pale tairi la gari linapogusa sakafu, nikakihamisha kwa maji mpaka kwenye bango, nikakaza skrubu. Divine alisoma kitabu mara ya pili. Alisema, kwa adabu, mama, lakini hapa wameandika futi. Nikamwambia walioandika hawamjui Mzee Rajabu. Alisema sawa mama. Kompyuta ikaonyesha kijani, taa za njano zikazimika, mwenye gari akanishika mkono kwa mikono miwili.

Tulifanya hivyo kwa magari kumi na manne.

Mwalimu Fideli wa Busanza alikuwa mteja wa tano au wa sita. Mtu mtaratibu, shati limepigwa pasi, gari lake halina hata mkwaruzo. Alirudi asubuhi moja bila kupiga simu. Hakushuka mara moja. Aliposhuka aliweka mikono mifukoni kama mtu aliyeiba. Alikaa kwenye benchi letu na kusimulia akitazama chini. Alikuwa anateremka, hana haraka, mbele kuna zebra na mama mmoja anavuka na kapu la nyanya kichwani. Kwa kawaida gari lake hupunguza lenyewe mapema, yeye humalizia tu. Siku hiyo lilikuja. Alingoja lipunguze, likawa linakuja tu, akakanyaga breki kwa miguu miwili.

"Nimesimama boneti iko imegusa kitenge chake," alisema. "Nyanya zote chini. Yeye hakuanguka, alisimama tu ananiangalia. Fundi, hakunitukana hata. Ananiangalia tu."

Nilikuwa na jibu tayari. Nilimwambia kioo changu hakivuji na kompyuta ilisema kijani. Nasikia aibu kuandika hili, lakini ndivyo nilivyosema, kwa mtu ambaye bado anatazama chini. Nilikagua stika, hakuna. Kioo ni cha kiwandani. Hakuna karatasi ya jua, hakuna rozari. Nikaanza kumuuliza kama alikuwa amechoka siku ile, kama alikuwa na simu mkononi. Divine akanigusa bega, akasema tujaribu.

Tulienda kwenye uwanja mtupu, tukasimamisha maboksi matupu ya vioo yaliyorundikwa kimo cha mtu, na Divine akaendesha polepole kuyaelekea bila kukanyaga breki. Gari lilipiga kelele, likasimama, lakini boksi la chini lilikuwa limeshaanguka. Tukarudia. Likaanguka tena. Mara ya tatu Mwalimu Fideli aligeuka akatembea mpaka kwenye ua, akatugeuzia mgongo.

Tuliporudi gereji tulimkuta mmoja wenu anaosha sakafu. Sitamtaja, anajijua, alikuwa anaimwaga ndoo yake ukutani kama nilivyomfundisha. Gari la Mwalimu tulilisimamisha pale pale tunapofundishia kamera, pua ukutani. Maji yakaja, yakapita chini ya matairi ya mbele, yakapita chini ya matairi ya nyuma, yakatoka mlangoni. Divine alikuwa anafungua kompyuta. Akaacha. Akayatazama maji mpaka yakaisha. Halafu akatazama juu, kwenye msumari, ulipotundikwa mpira wa Mzee.

"Mama," alisema polepole, "hii gari iko imeinua pua."

Sikuhitaji aendelee. Nikakaa juu ya tairi bovu. Gari limesimama kwenye mteremko, limeinua pua kuelekea ukutani kwa vidole vinne. Mimi nikachukua maji, ambayo hayajali gari limesimama vipi, nikaweka bango sawa na dunia. Lakini kamera haikai kwenye dunia, inakaa kwenye gari. Kwa gari lililoinua pua, bango langu lilikuwa chini kuliko tulivyoiambia. Kamera ikaamini kwamba yenyewe ndiyo inayotazama juu mno, ikajirekebisha, na tangu siku hiyo kila kilicho barabarani ikakiona kiko mbali kuliko kilivyo. Divine alikokotoa kwa kalamu juu ya boksi. Kilichoko hatua thelathini, gari linaamini kiko hatua arobaini na kitu. Kama ningepima kwa futi kutoka kwenye ile ile sakafu mbaya, bango lingepanda pamoja na gari na kosa lisingekuwepo. Kama sakafu ingekuwa bapa, mpira wa maji usingekosea. Kila kimoja alichonifundisha Mzee kilikuwa sahihi, mimi ndiye niliyeviweka pamoja.

Na hakuna dereva aliyegundua, kwa sababu huu ni mji wa milima. Gari likichelewa kupunguza, mtu anasema ni mteremko.

Divine alilia. Alisema alikiona kitabu na akanyamaza. Nilimwambia kosa si lake, aliniheshimu tu, naye akanijibu kitu ambacho nataka kila anayefanya kazi chini ya mkubwa akisikie. Alisema, "Mama, heshima ningekupa na chai. Kipimo ningekupa cha kitabu."

Kulikuwa na daftari langu, kila gari na namba yake na siku niliyopiga alama. Kumi na manne, toa la Mwalimu, kumi na matatu yako barabarani yakiamini watu wako mbali. Mkuu wa gereji alipendekeza tuwaite wote kwa ajili ya kusasisha mfumo. Ni neno zuri, halina mwenyewe. Sitawadanganya, nililipenda. Nilishika simu nikiwa nimelikariri. Mteja wa kwanza akaitika, na mimi nikaona kidole cha Mzee kimewekwa juu ya mistari miwili na hakiondoki. Nikasema, mimi ni Konsolata wa vioo, nimeharibu jicho la gari lako, tafadhali usiliachie breki, liendeshe kwa miguu yako mwenyewe na ulilete leo. Baadhi walinicheka wakidhani utani. Mmoja aliniita majina ambayo sijayasikia tangu Buyenzi. Lakini walikuja. Tulikodi ukumbi wa jirani wenye sakafu bapa, tukapima kwa futi, tukajaribu na maboksi, na maboksi yalibaki yamesimama. Katika wiki mbili yalikuwa yamerudi kumi na mawili.

Moja halikurudi. Jeupe, mwenyewe alikuwa ameliuza akasafiri, simu ya aliyeuziwa haipatikani, na namba ya gari ilikuwa imebadilishwa. Mkuu wa gereji alisema tumefanya yaliyo katika uwezo wetu. Labda. Mimi nilikuwa silali. Kila nikisikia honi najiuliza ni lile. Sikujua sura ya dereva, lakini nilijua vitu viwili: kwamba lina mistari yangu miwili chini upande wa abiria, na kwamba gari la umeme linaweza kukwepa kila mtu mjini isipokuwa chaja.

Nilibeba kigoda. Siku ya kwanza nilikaa kituo cha kuchajia cha upande wa mjini, ya pili na ya tatu vituo vingine viwili. Kila gari jeupe la aina ile likiingia nilinyanyuka, nikainama mbele ya kioo kama mtu aliyeangusha hereni. Walinzi walinizoea. Mmoja aliniuliza kama natafuta mume, nikamwambia hapana, huyo nilishampata na namjua aliko.

Siku ya nne, Kicukiro, mchana, likaingia. Nilijua kabla sijainama. Nilipoiona mistari ile miwili, mwandiko wangu mwenyewe, sikushusha pumzi. Nilishikwa na hofu mpya kabisa, kwa sababu niliinua macho nikamwona dereva amekunja miguu yote miwili kwenye kiti kama mtu aliye kitandani, anakula maandazi. Aliingia kituoni hivyo hivyo.

Jina lake Patriki, mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mfanyabiashara wa simu, mcheshi. Nilimweleza. Alisikiliza kwa heshima, kama watu wanavyowasikiliza mama wazee, yaani hakusikiliza. Alikubali kuja gereji, ni karibu, ila akaniambia nipande nione mwenyewe kwamba gari ni zima. Alisema lilimshtua mara mbili tatu, akadhani ni utelezi wa mvua. Nilipanda. Nilifunga mkanda mpaka ukanikaba.

Ilikuwa saa ambayo shule zinatoka. Tuliingia barabara kuu, akawasha msaada wa kuendesha, akanyanyua mikono akaiweka magotini na kunitazama mimi, anatabasamu, ananitazama mimi wakati mbele yetu zebra imejaa sare za bluu. Nilihesabu kwa macho, kazi niliyoifanya maisha yangu yote, na nikaona gari halijapunguza chochote.

"Mama, angalia inavyosimama yenyewe," alisema.

"Patriki, mwanangu. Mimi ndiye niliyeliweka jicho. Haliwaoni. Kanyaga."

Sijui ilikuwa sauti au ni neno mwanangu. Alikanyaga. Mkanda ulinikata kifuani, maandazi yakaruka mpaka kwenye kioo, na matairi yakalia. Na hapo, tukiwa tumekaribia kusimama, ndipo kengele ya gari ikaanza kupiga kelele ya kuonya. Mtoto mmoja wa kike, wa mwisho kwenye mstari, aliweka kiganja chake juu ya boneti kama anayempapasa ng'ombe, akatutazama, akaendelea kuvuka. Kengele iliendelea kulia muda kidogo, halafu ikanyamaza.

Waliokuwa nyuma yetu walipiga honi. Baadaye Patriki aliweka mikono yote miwili kwenye usukani, mguu juu ya breki, akaendesha mpaka gereji kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai. Alipozima aliniuliza kitu kimoja tu.

"Mama, nisingejua kamwe. Hata ningemgonga nisingejua ni wewe. None se, sasa kwa nini ulinitafuta?"

Nilimshusha, nikamwinamisha, nikamwonyesha ile mistari miwili. Aliigusa kwa kidole.

Baada ya gari lake tuliivunja sakafu. Waashi walibishana nami siku nzima, walisema mama, maji yataenda wapi, hakuna fundi anayemimina hivi. Niliushika mpira wa Mzee Rajabu mimi mwenyewe, kutoka pembe hadi pembe, na safari hii nilipima nao zege badala ya bango. Mwalimu Fideli alikuja kuiona ilipokauka. Aliizunguka taratibu, mikono nyuma, kama anakagua darasa, kisha akaniambia kwamba yule mama wa nyanya ananunuliwa nyanya zake na walimu wote wa shule sasa, na kwamba yeye mwenyewe bado hapiti pale bila kushika breki.

Sasa mnalalamika. Najua mnalalamika, Divine ameniambia. Mnasema sakafu ya Mama Konso haimwagi maji, kila jioni mnayasukuma kwa rakleti, ule ufagio wa mpira, mpaka migongo inauma, soksi hazikauki. Na mkuu wa gereji ameanza kusema labda tuinamishe kidogo tu, jicho halitaona.

Siku yangu ya mwisho, mlipokwenda kununua keki, nilibaki peke yangu ndani. Nilijaza kikombe, nikakimwaga katikati ya sakafu. Yalitanda kidogo, yakafika ukubwa wa sahani, yakasimama. Nilivuta kigoda nikakaa karibu nayo. Mlirudi mkanikuta hapo, mkadhani nalia kwa ajili ya kustaafu. Nilikuwa nayaangalia tu. Kila asubuhi, kabla hamjaingiza gari la kwanza, mwageni kikombe kimoja pale pale. Yakienda popote, msiguse kamera.